Prosesa ama madabodi? Usitoe pesa kabla hujajua nani mgonjwa

Swali ni lile lile kila siku, gemu ya kompyuta inakwama, ninunue prosesa (CPU, ubongo wa mashine) ama madabodi (bodi kubwa inayobeba vyote), na mara nyingi anaeuliza ashapita duka moja mbili hapa town ashaambiwa abadilishe vyote viwili na RAM juu. Tuwekane sawa mwanzo: madabodi haiongezi fremu, yaani FPS, idadi ya picha kwa sekunde. Chukua bodi ya bei kali na bodi ya bei nafuu, weka prosesa ile ile, kadi ya grafiki ile ile, RAM ile ile, gemu itakwenda karibu sawa. Bodi inabadilishwa kwa sababu tatu tu, imekufa ama inaumwa, soketi yake, pale prosesa inapokaa, haipokei prosesa unayoitaka, ama haina nguvu ya kuilisha umeme hiyo prosesa. Nje ya hapo hiyo pesa iende kwengine.

Kabla ya kufungua chochote weka programu tatu za bure, CPU-Z ya kujua una nini ndani, HWiNFO ya kusoma joto na mwendo, na MSI Afterburner ya kuonyesha namba juu ya skrini ukiwa ndani ya gemu. Andika mahali jina kamili la prosesa, la bodi, aina ya RAM na kadi. Jina kamili, si "i5". i5 ya 2013 na i5 ya 2022 ni vitu viwili ambavyo havijuani.

FPS ndogo tangu mwanzo wa gemu mpaka mwisho

Anza na kebo ya skrini. Angalia nyuma ya mashine, ikiwa imechomekwa juu kwenye matundu ya bodi pale karibu na USB, basi unacheza na grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa na kadi yako imekaa bure. Itoe, ichomeke kwenye kadi yenyewe. Hii inatokea sana baada ya watu kuhama nyumba ama mtu kusafisha chumba, na dawa yake haina gharama.

Pili RAM. Fungua CPU-Z upande wa Memory, ukiona chaneli ni moja na wewe una stiki mbili basi zimekaa sloti mbaya, kwenye bodi nyingi za sloti nne zinatakiwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Na kama una stiki moja tu, kuongeza ya pili inayofanana nayo ni bei ndogo na prosesa inapumua. Halafu angalia kasi, RAM ya DDR4 iloandikwa 3200 inatakiwa ionyeshe kama 1600 hapo kwenye CPU-Z, kwa sababu inasoma nusu, ukikuta 1066 ama 1200 basi XMP, setingi inayoipa RAM kasi yake kamili, haijawashwa ndani ya BIOS, ile programu ya bodi yenyewe, na unaendesha RAM chini ya ulicholipia.

Tatu hakikisha hakuna kitu kimefunga FPS makusudi. Ukiona FPS imesimama 60 pale pale haipandi haishuki, hiyo ni V-Sync, inayoifunga FPS kwenye kasi ya skrini, ama kikomo ndani ya setingi, si ugonjwa.

Hayo yote yakiwa sawa ndo tunafika kwenye kipimo chenyewe, na hiki ukikifanya vizuri kitakuokolea pesa nyingi kuliko ushauri wa mtu yeyote. Fungua gemu ile ile unayoilalamikia, simama mahali pazito, mjini penye watu na magari ama katikati ya vita, soma FPS. Shusha rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p, usiguse setingi nyengine hata moja, rudi pale pale usome tena. FPS ikiruka juu sana, kadi ya grafiki ndo ilokuwa imeelemewa, funga mjadala wa prosesa na bodi, weka akiba ya kadi. FPS ikibaki pale pale ama ikapanda kidogo tu, kadi ilikuwa imekaa inaisubiri prosesa.

Thibitisha kwa Afterburner. Kadi ikiwa inafanya kazi asilimia 95 mpaka 99 hiyo ndo inayotumika yote, prosesa haina kosa. Kadi ikiwa 50 ama 60 na FPS bado ni ndogo, kosa liko kwa prosesa ama RAM. Sasa hapa watu wengi wanapotea, wanafungua Task Manager wanaona prosesa iko 40 wanasema prosesa iko sawa, hapana, hiyo ni wastani wa kori zote, yaani vile vichwa vya kazi ndani ya prosesa. Gemu nyingi zina kazi moja kubwa inayoning'inia kwenye kori moja, na hiyo moja ikifika 100 gemu nzima inaisubiri hata kama zengine zinalala. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya ile grafu uchague ionyeshe kila kori peke yake, utaona mwenyewe.

Na usipime kwa gemu moja ukahukumu mashine nzima. Counter-Strike 2, Valorant na gemu za kujenga miji zinaibana sana prosesa, Cyberpunk 2077 ukiweka picha juu inaibana kadi. Pima ile unayocheza kila siku.

Inaanza vizuri, baada ya nusu saa inashuka

Hapa Mombasa hii ndo inayouzia watu prosesa wasizozihitaji. Mashine inakwenda vizuri, baadae FPS inaanguka, ukipumzika ukirudi iko sawa tena. Hilo ni joto mpaka lithibitike vyengine.

Ujue kwamba joto la chumba likipanda digrii nane, prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo. Wale wa kwenye video wanaokuonyesha prosesa iko 70 wako kwenye vyumba vya baridi, wewe uko Majengo ama Likoni wakati wa kaskazi, mwezi wa pili wa tatu, dirisha halipitishi hata upepo, huwezi kupata namba zao na kifaa kile kile. Fungua HWiNFO, cheza mpaka ishuke, halafu soma. Prosesa nyingi za Intel zinaanza kujipunguza mwendo zikigusa 100, Ryzen (prosesa za AMD) za mfululizo wa 5000 ni 90 ama 95 kutegemea modeli. Ukiona umefika huko na mwendo wa prosesa ukaanguka wakati ule ule, umeshapata jibu.

Anza na vumbi. Zima, chomoa waya wa ukutani, peleka mashine nje, puliza. Shika feni na kidole isizunguke wakati unapuliza, ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Halafu tazama upande wa ndani wa hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, chini ya feni, kuna mkeka wa vumbi unakaa pale hauonekani kwa juu, na wetu una unyevu unagandana, kupuliza peke yake haitoshi, uondoe kwa brashi laini.

Vumbi likiwa si tatizo, badilisha pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki. Mashine za ex-UK nyingi hazijawahi kubadilishwa pesti tangu kiwandani, ukiifungua utakuta imekauka kama chokaa. Hapa nina onyo kwa wenye AM4, soketi ya Ryzen za mfululizo wa 1000 mpaka 5000: usivute hitisinki juu moja kwa moja mashine ikiwa baridi, pesti iliyokauka inashika na prosesa inatoka nayo ikiwa bado imefungwa kwenye soketi, pini zinapinda. Endesha gemu dakika kumi ipate moto, zima, chomoa, halafu izungushe kushoto kulia polepole mpaka iachie ndo uinue. Ikikataa kabisa iache, mpelekee fundi, pini iliyopinda inanyooshwa lakini iliyokatika ni kesi nyengine.

Sasa ile ya nadra, na hapa ndo bodi inaingia. Prosesa iko 65 ama 70, yaani haijachemka, lakini mwendo wake unaanguka ghafla gemu ikikolea. Hiyo mara nyingi ni VRM, ile sehemu ya bodi karibu na prosesa inayogeuza umeme. Bodi za AM4 za bei ya chini, A320 nyingi na baadhi ya B450, VRM zake ziko uchi bila chuma cha kupozea juu, mtu akaweka Ryzen 7 humo na chumba kiko digrii 32, bodi inaomba huruma na kuikaba prosesa. HWiNFO inasoma joto la VRM kwenye bodi zengine, kama yako haionyeshi fungua ubavu wa keisi uelekeze feni ya mezani pale kwenye VRM, cheza tena. Mwendo usipoanguka, bodi ndo iliyoshindwa, na hapa ndo nitakwambia wazi nunua bodi bora ama teremka kwenye prosesa ya wati 65. Ama weka feni ndogo ya kudumu pale ukae nayo, watu wengi wanaishi hivo na hakuna ubaya.

FPS ya wastani nzuri lakini inakatakata

Unasoma 90 lakini ukigeuka tu inagugumia. Sababu ya kawaida ni RAM 8GB, gemu imejaza, kivinjari kiko wazi nyuma, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski. Nenda 16GB. Inayofuata ni gemu kukaa kwenye diski ya kuzunguka (HDD), ihamishie SSD. Kisha mambo ya nyuma, apdeti, kizuia virusi, programu ya kurekodi.

Baada ya hapo ndo prosesa, na hapa kuna kundi linalojulikana, zile i5 za kori nne zenye thredi nne (kazi inazobeba kwa mpigo), i5-4590 mpaka i5-7500. Gemu za sasa zinazijaza zote nne na hakibaki kitu cha Windows yenyewe, ndo hizo kukatakata. Kama mashine yako ni Dell ama HP ya ofisini yenye i5-4590, i7-4790 inaingia soketi ile ile na ina thredi nane, na zile zilotumika zinapatikana. Haitakuwa mashine mpya, lakini kukatakata kunapungua kwa pesa ndogo. Usinunue bodi mpya ya kizazi hicho eti uendeleze, RAM ya DDR3 na soketi ile imefika mwisho wa barabara.

Inajizima ama inajirestati katikati ya gemu

Wa kwanza kumshuku ni pawa saplai, lile boksi linaloilisha mashine umeme, si bodi. Zile za bei rahisi zimeandikwa wati 500 na hazifiki, kadi ikivuta ghafla zinakata. Azima moja ya uhakika kwa rafiki ujaribu. Wa pili ni stima yenyewe ya nyumbani, taa zikififia friji ikiwaka basi mashine nayo inaonja hilo, weka stabilaiza ama UPS. Wa tatu joto, tushaliongea. Wa nne XMP, izime ujaribu, ikitulia basi kasi hiyo RAM ama bodi haiiwezi, shusha hatua moja.

Wa tano ni maalum. Kama una Intel ya kizazi cha 13 ama 14, hasa i7 na i9, na gemu inaanguka ikisema kumbukumbu ya video haitoshi na wewe kadi yako ina nafasi tele, zile prosesa zilikuwa na tatizo la volti kupita kiasi. Intel ilitoa marekebisho ndani ya 2024, microcode (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi wa Agosti na 0x12B Septemba, yanakuja kwa apdeti ya BIOS. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika, kwa hivo ikiendelea kuanguka baada ya apdeti fuatilia warranti, Intel iliiongeza miaka miwili. Ukinunua moja ya hizo iloshatumika uliza kabisa ilikuwa kwenye BIOS gani.

Usifungue pawa saplai yenyewe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita zinashikilia umeme wa kuua mtu. Harufu ya kuungua, moshi, mlio wa pop, chomoa ukutani na uache hapo hapo, hiyo ni kazi ya fundi.

Umeweka prosesa mpya, haileti picha

Usikimbilie kusema bodi imekufa. Sababu nambari moja ni BIOS ya zamani. Bodi ya B450 ya 2018 haimjui Ryzen 5 5600 wa 2022 mpaka iapdetiwe, kwa hivo apdeti inafanywa na prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kabla hujaitoa. Ingia tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta modeli yako mpaka herufi ya mwisho, soma orodha ya prosesa inazokubali na toleo la BIOS linalotakiwa. Ukishaitoa ya zamani umeshaiuza na bodi haina kitufe cha BIOS Flashback, kinachoapdeti bila prosesa, itabidi uazime prosesa nyengine.

Kuflashi BIOS fanya ukiwa kwenye UPS. Stima ikikatika katikati bodi inabaki tofali, na kwetu stima haipigi hodi. Huna UPS, peleka mashine kwa mwenye nayo.

Nyengine za kuangalia ni waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nne ama nane pale juu kushoto, watu wanausahau. Toa RAM jaribu stiki moja. Ukiwa na prosesa ya Intel yenye F mwishoni kama 12400F haina grafiki ndani, kebo lazima iwe kwenye kadi. Angalia vitaa vidogo vya bodi, vingi vimeandikwa CPU, DRAM, VGA, BOOT, kinachobaki kimewaka ndo kinakwambia imekwama wapi. Mwisho toa prosesa utazame pini kwa tochi ya simu.

Na ikiwaka ikakuuliza kuhusu fTPM, ghala la funguo za usalama ndani ya prosesa, kwamba imeona CPU mpya ubonyeze Y ama N, simama kwanza. Ukibonyeza Y inafuta funguo, na diski ikiwa imefungwa na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, hutaingia bila namba ya kuifungulia. Ndo maana kabla ya kubadilisha chochote unasimamisha BitLocker na kuhifadhi ile namba.

Saa inarudi nyuma, USB zinapotea, sloti moja ya RAM haisomi

Saa na tarehe kurudi nyuma kila ukizima ukutani ni betri ya CR2032, ibadilishe, inapatikana hata kwa fundi wa saa. USB kupotea na sloti kutosoma RAM, hasa kwa waliokaa karibu na maji, Nyali, Bamburi, Mji wa Kale, mara nyingi ni chumvi ya hewa. Toa RAM, pangusa meno yake ya dhahabu na spiriti ya isopropyl ya asilimia 99, acha ikauke, rudisha. Ukiona kijani ama ukungu mweupe kwenye bodi yenyewe, kapasita zimevimba vichwa, ama sloti haisomi RAM ambayo nyengine inaisoma, hiyo bodi inaumwa na hapa kununua bodi ni haki yako.

Gemu inakataa kufunguka, inadai TPM ama Secure Boot

Hii si nguvu ya prosesa. Ingia BIOS uwashe fTPM, kwa Intel inaitwa PTT, pamoja na Secure Boot, ile kinga ya wakati mashine inawaka. Lakini Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen 2000, na Windows 10 ilisimamishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivo mwenye kizazi cha 4 ama cha 6 hapa ndo njia inakata.

Umethibitisha ni prosesa. Bodi inabaki?

Ukiwa na AM4 una bahati, baki na bodi na RAM. Ryzen 5 5600 inaingia karibu kila B450 na B550 iloapdetiwa, na anaetaka kufika mwisho wa soketi atafute 5700X3D ama 5800X3D, zina L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya 96MB na gemu zinaipenda hiyo. Jihadhari na 5500, jina linakaribiana lakini L3 yake ni 16MB dhidi ya 32MB ya 5600, na ni PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya kuongea na kadi. Ukiwa na kadi kama RX 6500 XT inayotumia njia nne tu, hilo utalihisi.

Intel mambo yanabana zaidi. Kizazi cha 8 na 9 soketi inaitwa LGA1151 kama ya 6 na 7, prosesa inaingia kabisa lakini haiwaki, usidanganyike na jina. Cha 10 na 11 ni LGA1200. Cha 12, 13 na 14 wako pamoja LGA1700, na bodi zake ziko za DDR4 na za DDR5, chagua ya DDR4 uokoe RAM yako. AM5 na LGA1851, soketi za AMD na Intel zilizofuata hizo, ni DDR5 tu, yaani ukihamia huko hesabu bodi, prosesa na RAM kwa pamoja.

Wenye Dell na HP za ofisini wawe makini zaidi. Bodi zake nyingi zina umbo lao, waya za pawa saplai zao, vitufe vya mbele vyao, kwa hivo kubadilisha bodi maana yake keisi na pawa saplai pia. Wengi wakipiga hesabu wanaona ni afadhali kuuza ile yote wakaanza upya.

Ukinunua bodi iloshatumika mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. RAM ijaribiwe kwenye kila sloti, kadi iwekwe, uingie BIOS uone toleo. Bodi ya Intel ama AM5 isiyokuwa na kifuniko cha plastiki juu ya soketi imulike pini zote kwa pembe, pini moja ikiwa imelala safu inaonekana imevunjika mstari. Na Windows yako imefungwa kwenye bodi ya zamani, iunganishe na akaunti yako ya Microsoft kabla ya kubadilisha, ingawa leseni iliyokuja na Dell ama HP kwa kawaida haihami. Risiti iandikwe modeli kamili na siku za kurudisha.